Pomboo Aliyemnyima Mwanawe Maziwa

Paukwa!

Pakawa!

Hapana. Nimesikia watu wazima peke yao. Watoto mna mihogo midomoni. Mezeni kwanza, nitangoja. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nina watu. Mwenye mtoto ampakate, mwenye usingizi aegemee ukuta, na mwenye kiherehere cha kuniuliza mwisho kabla sijafika mwisho, leo amenikosa.

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana mabomba yalikuwa yameshaletwa, palikuwa na Pomboo. Mnamjua pomboo? Yule anayeruka baharini, chubwi, akazama, akaibuka, chubwi, akazama tena. Si samaki yule, msimwite samaki. Anakuja juu kuvuta pumzi. Anazaa mtoto kama mama yako alivyokuzaa. Anamnyonyesha kama ulivyonyonyeshwa wewe, ukamng'ata mama yako, halafu ukacheka.

Basi Pomboo huyu alikuwa hajapata mtoto. Alikaa, akakaa, akakaa. Wenzake wakazaa, yeye akawabembelezea. Wakazaa tena, akawabembelezea tena. Lakini Mungu si Athumani. Siku moja na yeye akapata mimba, ikakua, akajifungua mtoto wa kike.

Mtoto yule alikuwa na mashavu! Shavu huku, shavu kule, macho yenyewe ulikuwa ukiyatafuta. Wakamwita Mashavu. Pomboo alimtazama mwanawe mpaka akasahau kupanda juu kuvuta pumzi, akakumbushwa.

Pomboo alikuwa na Shangazi yake. Shangazi ndiye aliyekuwa mkubwa wa kundi. Alikuwa na sauti, alikuwa na mapenzi, na alilosema lilikuwa limesemwa. Na kwao pomboo ilikuwapo mila, nayo haiko mbali na yetu. Mzazi haendi kuwinda. Mzazi hali vidagaa vya kuokoteza. Mzazi analetewa kilicho kinono kuliko vyote, mpaka arobaini yake itoke.

Shangazi akaenda, akarudi na chewa mkubwa, tumbo hilo.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, Shangazi."

"Hujashiba. Mzazi akishiba, mtoto ananona. Fungua kinywa."

Kup! Pomboo akala.

Kesho yake chewa mwingine. Kup! Akala. Kundi zima likaleta. Huyu chewa, yule chewa. Kup, kup, kup. Pomboo akawa anang'aa kwa mafuta, na maziwa yakamjaa hata yakawa yanadondoka yenyewe.

Sasa chewa hao walitoka wapi? Hapa ndipo mtege masikio. Walitoka kwenye mlango wa mto, pale mto unapoingia baharini. Chewa wa pale walikuwa wakubwa, na hawakimbii. Ukimwendea, anakutazama. Ukimgusa, anageuka polepole, kama mtu aliyeamshwa na usingizi haujamwisha. Shangazi aliwaona akafurahi.

"Hii ni riziki ya Mashavu," akasema. "Hata samaki wanajileta wenyewe!"

Kundi zima likaitika amina. Jamani! Samaki hamkimbii pomboo, na watu wazima wanaitika amina!

Pomboo akamnyonyesha mwanawe. Akimnyonyesha, anamwimbia:

*Nyonya, Mashavu, nyonya,*
*bahari ni kubwa, mama ni mmoja,*
*nyonya, Mashavu, nyonya.*

Mashavu akanyonya. Fyonzo, fyonzo, fyonzo. Kwanza akatulia. Halafu pezi lake la kushoto likaanza kutetemeka. Tetetete. Mama akadhani anaota.

Siku zikaenda. Pezi likatetemeka zaidi. Mashavu akawa haongezeki. Yale mashavu yakapungua huku, yakapungua kule, macho yakatokeza. Akawa hawezi kupanda juu mwenyewe kuvuta pumzi. Mama yake akawa anaingia chini yake, anamwinua kwa pua. Anamwinua, anapumua, puh! Anazama naye. Anamwinua tena, puh! Anazama naye. Mchana kutwa, usiku kucha. Mtoto asipoinuliwa, atakufa. Mama akisinzia, mtoto atakufa. Hilo ndilo Pomboo alilokuwa analijua, na alikuwa amechoka sana.

"Shangazi, mtoto anakwisha."

"Maziwa hayamtoshi," Shangazi akasema. Akawageukia wengine. "Ongezeni chewa!"

Wakaongeza. Kup, kup, kup. Na Mashavu akazidi kupungua.

Wapendanao wana hasara yao. Kila walivyozidi kumpenda, ndivyo walivyozidi kumlisha.

Basi huko nyuma ya mwamba, mbali na mlango wa mto, alikaa Nguva. Nguva naye alikuwa mzazi, na mtoto wake ndiyo kwanza mchanga. Lakini Nguva hali samaki. Nguva hula majani ya bahari, anainama anachuma, nyafu nyafu nyafu. Pomboo walikuwa wakimcheka. "Maskini Nguva! Mzazi anakula majani kama mbuzi!" Nguva anasikia, anatafuna. Na mtoto wake alikuwa mnene kama mtungi, lakini hilo hakuna aliyelitazama. Watu wakishaamua kukucheka hawatazami kitu kingine.

Siku moja Nguva akaja kumpa hongera mwenzake.

"Hodi, shoga!"

"Karibu, shoga yangu. Umenikuta hivi hivi."

Nguva akamtazama Pomboo, akamwona macho yalivyoingia ndani. 

"Nipe mtoto. Nitamwinua mimi. Wewe lala kidogo."

Pomboo alikuwa wa kukataa? Alimpa. Akalala hapo hapo.

Nguva akamchukua Mashavu, akamwinua, akamshusha. Nguva titi lake liko kwapani. Mashavu akapapasa, akapapasa, akalipata. Fyonzo. Nguva akashtuka, halafu akacheka. "Njaa haina kabila," akasema. Akamwacha anyonye mpaka akashiba. Na Mashavu akalala kwapani mwa Nguva, na mtoto wa Nguva kwapa la pili.

Kulipokucha Pomboo akaamshwa na sauti. Puh! Akafungua jicho. Puh! Mashavu alikuwa juu ya maji. Amepanda mwenyewe. Anavuta pumzi mwenyewe. Pezi limetulia.

 Pomboo alilia tu, na samaki wadogo wakapita wakamwona, na hakuona haya.

Hapo hapo Shangazi akatokea, chewa mdomoni. Akamwona Mashavu analirudia titi la Nguva. Akamdondosha chewa.

"Toba! Mtoto wa pomboo kwenye titi la mla majani! Husuda hiyo! Umemwona mwenzio ana maziwa kuliko wewe, umekuja kumfunga mtoto!"

"Mimi nimempa hongera tu, Bibi," Nguva akasema.

"Toka!"

Akampiga kikumbo. Nguva akamchukua mwanawe, akaenda zake. Mashavu akarudi kwa mama yake. Fyonzo, fyonzo. Na jioni, pezi likaanza. Tetetete.

Nyamazeni kidogo. Hapa sipendi mtu anicheke.

Pomboo akamtazama mwanawe. Akatazama pezi. Akafikiri. Kulipopambazuka, Shangazi alipoenda kuwinda, akambeba Mashavu kwa pua akampeleka nyuma ya mwamba.

"Shoga, mnyonyeshe."

"Shangazi yako atanitoa roho."

"Mnyonyeshe, shoga yangu. Nakuomba."

Nguva akamnyonyesha. Pezi likatulia. Mtoto akapanda juu, puh! Pomboo akasema moyoni, ngoja. Akampa titi lake mwenyewe, kidogo tu. Akangoja. Tetetete.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Pale Pomboo alijua jambo ambalo hakuna mama anayetaka kulijua. Akarudi kundini na mtoto wake puani, akamkuta Shangazi anamngoja na chewa.

"Shangazi, mtoto hana ugonjwa. Kinachomuumiza ni maziwa yangu."

"Astaghafiru! Maziwa ya mama yaumize?"

"Yanamuumiza. Nimeyaona kwa macho yangu."

"Kwa hiyo mimi ndiye mbaya? Mimi niliyekulisha kwa kinywa changu?"

"Umenilisha kwa mapenzi, Shangazi. Ninajua. Lakini nipeleke nikapaone unakowatoa chewa hao."

Shangazi alinuna, lakini alienda. Wakampitisha Mashavu kwa Nguva, na safari hii Shangazi alitazama pembeni kama hamwoni. Wakaogelea, wakaogelea, wakafika mlango wa mto.

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Juu yake kulikuwa na utando, unang'aa rangi rangi, mzuri kutazama. Na pale ukingoni lilikuwapo bomba, nene, limetoka kwenye kiwanda cha watu. Chururururu! Linamwaga. Chini ya bomba alikuwa ameketi Kaa, gamba lake laini kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Hamjambo," Kaa akasema. "Mmekuja kula?"

"Tumekuja kuuliza," Pomboo akasema. "Haya ni maji gani?"

"Mimi nayaita maji ya chumvi kali, lakini si chumvi. Chumvi hailainishi gamba. Mimi nimejivua gamba, nimengoja jipya liwe gumu, halijawa gumu mpaka leo. Watoto wangu hawakuota gamba kabisa."

"Na chewa?"

Kaa akacheka, cheko la mtu aliyekwisha kulia. Akasogea upande, akaanza kuimba, kwa sababu Kaa akiwa na jambo zito hulisema kwa wimbo:

*Bomba limetapika, tope limelamba.*
*Tope limelamba, chaza kafyonza.*
*Chaza kafyonza, changu kamla chaza.*
*Changu kala chaza, chewa kamla changu.*
*Chewa kala changu, pomboo kamla chewa.*
*Pomboo kala chewa, na mtoto je?*

Pomboo akaitika polepole, "Na mtoto kanyonya."

Kaa akasema, "Chaza ana kidogo tu. Lakini changu hali chaza mmoja. Chewa hali changu mmoja. Kila anayekula anarithi sumu ya wote aliowala, na haitoki, inakaa kwenye mafuta. Yule mnono ndiye aliyejaa. Ukiona samaki hakukimbii, usifurahi, mwulize anaumwa nini."

Shangazi akageuza pua chini. Shangazi yule mwenye sauti! Alizama mpaka kwenye mchanga, akakaa huko. Pomboo akamfuata.

"Nilikuwa nachagua," Shangazi akasema. "Nilikuwa naacha wembamba, nachagua wanono. Nilikuwa nasema, huyu wa mwanangu, huyu wa mwanangu."

"Najua, Shangazi."

"Nimemlisha mtoto sumu kwa mkono wangu."

"Hukujua. Pumua, Shangazi. Panda juu upumue."

Akaingia chini yake, akamwinua kwa pua, kama alivyokuwa akimwinua Mashavu. Puh! Mzee akalia juu ya maji, na Pomboo akakaa naye.

Tangu siku ile pomboo wote wakaacha kuwinda mlango wa mto. Shangazi mwenyewe alienda kwa Nguva. Alisimama mbali, akakohoa, akasema, "Mwanangu, nilikukosea." Nguva akamjibu, "Karibu, Bibi. Mjukuu wako amelala." Yakaisha.

Lakini kilichomo mwilini hakitoki kwa kuomba radhi. Maziwa ya Pomboo yalibaki vile vile. Ikambidi afanye lililo gumu kuliko yote. Mashavu akija kumpapasa tumbo, Pomboo anageuka.

"Mama, nipe."

"Nenda kwa mama Nguva."

"Nataka lako."

"Nenda, mwanangu."

"Mama, nimekukosea nini?"

Hebu niambieni, wazazi mlio hapa, utamjibu nini mtoto? Maziwa yanadondoka, yanachanganyika na maji ya bahari, na mtoto anayataka, na wewe ndiwe unayemkimbia. Pomboo alikuwa akienda mbali ili asimsikie. Na alikokuwa akienda ni kule kule mlango wa mto. Alikuwa anazunguka pale, anawafukuza watoto wa wengine wasile.

Ndipo siku moja alasiri akamwona mtu. Kijana wa watu, jina lake Shamte, ndani ya mtumbwi mdogo, ameshusha mshipi. Mara akavuta chewa mnono, hata hakupigana. Shamte akacheka peke yake.

"Mke wangu Saumu leo atakunywa supu! Mzazi akinywa supu ya chewa, maziwa yatamjaa."

Kaa akanong'ona, "Unamjua huyu? Huyu anafanya kazi kiwandani. Kila asubuhi ndiye anayelizungusha lile bomba. Krrr, krrr, linafunguka."

Shangazi alikuwa karibu, amemfuata Pomboo. Macho yakamwiva.

"Basi mwache ampelekee! Amefungua mwenyewe, ale mwenyewe!"

 Msidhani Pomboo hakuwa na hasira. Alikuwa nayo, tena tele.

"Yeye amefungua, Shangazi," akasema. "Mtoto wake hajafungua kitu."

Akazama. Akaja juu kwa nguvu, paa! Chewa akaruka kutoka mikononi mwa Shamte, chubwi, majini. Shamte akatukana matusi ambayo sitayasema mbele ya watoto. Akaenda nyumbani mikono mitupu.

Kesho yake akaja tena, akavua tena. Pomboo akaruka, paa! Safari hii Shamte alikuwa tayari na kasia. Pwaa! Akampiga mgongoni, damu ikatoka. Lakini chewa alikwisha kwenda.

Siku iliyofuata Shamte akavua chewa, akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili. "Leo njoo," akasema. "Leo njoo nikuone."

Pomboo alikuja, lakini hakuruka. Mgongo ulimuuma. Alielea tu kando ya mtumbwi, anamtazama. Na Mashavu, mtoto mkaidi yule, alikuwa amemfuata mama yake kwa nyuma. Akaja, akapapasa tumbo la mama. Pomboo akageuka. Mtoto akazunguka upande wa pili. Pomboo akageuka. Mtoto akalia, wiii. Mama naye akalia, wiii. Na maziwa yakatoka meupe kwenye maji, mbele ya Shamte.

Shamte akasema, "Mnyama gani huyu? Ana maziwa, na anamkimbia mwanawe?"

Akainamisha uso. Chewa alikuwa hapo chini ya kidevu chake. Akasikia harufu. Harufu ile aliijua. Ilikuwa harufu ya nguo zake za kazini, zile ambazo Saumu kila siku anamwambia, "Vua hizo nje, mume wangu, usimshike mtoto nazo." Akamnusa chewa mashavuni. Ile ile. Akanusa maji ya kwenye kasia. Ile ile. Akalitazama bomba. Chururururu. Akawatazama mama na mtoto.

Akaifungua mikono. Chewa akateleza, chubwi.

"Ee Mola," Shamte akasema. "Na mimi nilikuwa nataka kumpelekea Saumu."

Akarudi nyumbani. Saumu akauliza, "Supu iko wapi?" Shamte akaketi, akamweleza yote, na Saumu akamvuta mtoto karibu zaidi na kifua chake.

Kesho yake asubuhi Kaa akangoja krrr. Akangoja, akangoja. Kimya, bomba halikufunguliwa.

Najua mnataka kuniuliza. Wakubwa wa kiwanda hawakutafuta mtu mwingine wa kufungua? Walitafuta, tena upesi. Lakini Saumu naye hakulala. Alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba, mtoto mgongoni, kwa wazazi wenzake. Na yule mtu mwingine alikuwa na mke, na mke alikuwa na mimba. Hakufungua. Wakamtafuta wa tatu. Wa tatu alikuwa na dada anayenyonyesha. Hakufungua. Wakatafuta, wakatafuta, wakakosa mkono usio na mtoto nyuma yake. Mwisho wakachimba mahali pa kuyatibu maji yao kabla hayajatoka, kazi ambayo walipaswa kuifanya tangu mwanzo.

Bahari haikusafika siku hiyo. Inachukua muda, tope halisahau haraka. Mashavu alinyonya kwa Nguva mpaka akaacha ziwa, na mashavu yakarudi, huku na kule. Pezi lake la kushoto likabaki linatetemeka kidogo akichoka. Na alipokuwa mkubwa wa kuelewa, aliogelea mpaka kwa mama yake, akaweka kichwa chake tumboni pale alipokuwa akifukuzwa. Mama hakugeuka. Wakakaa hivyo.

Watoto, sikilizeni, na wakubwa msikilize zaidi. Maziwa ya mama hayana kosa. Kosa ni la anayemwaga uchafu wake akadhani umekwenda. Hauendi. Unachokimwaga baharini kinatembea, kinapita kwa chaza, kinapita kwa changu, kinapita kwa chewa, na mwisho wake ni mdomo wa mtoto, wako au wa mwenzako. Na ukimpenda mtu, usimjazie sahani tu, uliza kwanza chakula kimetoka wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo tamu mgawane, iliyo chungu niachieni mimi, na aliye na mtoto pajani ambusu kabla hajamlaza.